Mtu Akigonga Bila Hodi

Mwanangu Zuhura,

Ukiwa wasoma haya, ushafika Nakuru. Umefungua sanduku, umelitoa pazia, umelikung'uta, na karatasi hizi zimeanguka miguuni pako. Nimezificha humo makusudi, chini ya zile sweta. Nakujua. Ungezipata mapema ungezisoma garini, na gari halijafika Mtito ungekuwa ushamwambia dereva akushushe urudi nyumbani.

Sasa hivi ni baada ya swala ya alasiri. Wewe umekwenda Mkomani kumuaga shangazi yako, na huyo namjua, hakuachii mpaka ule, halafu akufungie vya njiani, halafu akulilie mlangoni. Kwa hivyo nina nafasi. Nimekaa ukumbini kwenye kiti cha marehemu babako, naandika juu ya sinia nililolipindua magotini. Usinicheke mwandiko. Mkono huu umezoea mwiko.

Utauliza, simu ina kazi gani? Simuni utanikatiza. Nikianza tu utasema, "Mama, najua, mama, usiwe na wasiwasi," nami nitameza niliyotaka kusema, tuishie kuulizana kama huko kumenyesha. Karatasi haimkatizi mtu. Na mambo ya kula vizuri na kuvaa mazito na kutotembea ovyo usiku sitayagusa. Hayo tumeyagombania wiki nzima na umeshinda wewe.

Naanza na lililo baya, maana nikilibakiza mwisho sitaliandika. Mwende haji Ijumaa. Hakusema anakuja Ijumaa. Hakusema anakuja kabisa. Nilikudanganya, tena nilikudanganya huku nakuna nazi, bila hata kupepesa macho. Astaghfirullah.

Wajua kwa nini. Tangu siku ile niliyoteleza uwani nikaumia goti, ukanikuta chini uliporudi kutoka Kongowea, ulikuwa na neno moja tu: "Siendi popote nikakuacha peke yako kwenye nyumba hii. Nione kwanza amepatikana mtu wa kuingia chumbani kwangu." Na kazi yenyewe ya famasia umeitafuta tangu utoke chuoni. Umezungusha vyeti Mombasa nzima mpaka bahasha zikachakaa, na huku unauza vifuniko vya simu kwenye duka la watu, wewe uliyesomea dawa. Imekuja Nakuru, wanataka uanze Jumatatu, usipofika wanamwita mwingine. Mimi nikuzuie kwa ajili ya goti? Bora uongo mara mia.

Si kwamba wapangaji hawakuja. Walikuja. Yupo yule kijana wa Kisii mwenye spika kubwa kuliko kitanda, huyo nilimwambia chumba kina mwenyewe. Wapo yule bwana na mkewe kutoka Kwale, waliolitazama paa kabla hata ya kunisalimu. Halafu akaja Mwende, nawe ulikuwa kazini. Nilikwambia ni mwalimu wa chekechea hapo Bombolulu, mtu wa Kitui, mpole, mkristo wa dini yake. Yote hayo ni kweli. Sikukwambia tulivyoachana.

Nilimkaribisha, nikampa maji, nikamuuliza wa wapi, wazazi wake kina nani, husali wapi, amekuja pwani na nani. Akajibu yote kwa adabu. Nikampeleka chumbani kwako. Akatazama dirisha, akatazama juu, kisha akaushika mlango akausukuma. Haukwenda. Wajua mwenyewe, mlango ule umevimba tangu hujaanza kutambaa, tumeuegemeza ukutani na pazia ndilo mlango.

"Mama, hii mlango inafungika?"

"Haufungiki, mwanangu. Humu hatufungiani milango."

"Na nikitaka kulala?"

"Wateremsha pazia."

Akasema, kwa sauti ndogo, kuwa yeye mlango usipofungwa kwa ufunguo hapati usingizi. Hapo damu ikanipanda. Nikamwambia, "Kwani umeona wezi humu? Nyumba hii wamelala watu wazima na heshima zao!" Masikini wa Mungu, akaniomba radhi, akamaliza maji yake, akasema, "Nitakupigia, mama." Nikajua papo hapo kuwa hapigi.

Jioni ukaja, mkoba bado begani, ukaniuliza, "Vipi, amekipenda?" Nikasema, "Sana. Anaingia Ijumaa ijayo." Ulivyofurahi! Ulinikumbatia na mikono yangu imejaa machicha ya nazi, ukaanza siku ile ile kukunja nguo zako. Na mimi nikaendelea kukuna.

Tangu hapo nina jiwe kifuani, na si la uongo peke yake. Jiwe lenyewe ni kwamba mimi nilikuwa Mwende, na mji wenyewe ni huo huo ulipo wewe sasa. Babako alipenda kusimulia nusu ya kuchekesha ya kisa chetu cha Nakuru. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Nusu ya pili hakuna aliyeisikia. Sasa kwa kuwa ushakuwa mpangaji wa Nakuru, ni haki yako.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumeoana. Babako alikuwa karani wa kampuni ya malori, wakampeleka huko. Akapanga chumba kimoja kwenye safu ya vyumba vinavyotazama barabara, karibu na soko. Tulifika jioni, na kulipokucha yeye na malori yake wakaondoka kwenda Eldoret, akaniacha na kitanda, meza, jiko, na baridi ambayo sijapata kuiona. Nikafanya nililomwona mamangu akilifanya siku zote. Nikafagia, nikaufungua mlango wote, nikatundika pazia. Ndilo hilo ulilolishika. Mamangu alilidarizi kwa mkono wake, maua yake yalikuwa mekundu kwelikweli wakati huo. Kwetu mlango ukifungwa mchana watu huuliza kuna mgonjwa au wenyewe wamegombana. Kisha nikachoma mahamri, nikateleka chai ya iliki na tangawizi, harufu ikatoka nje hadi barabarani. Nikakaa kusubiri majirani waje wamwone bibi harusi.

Pazia likafunuliwa. Hodi hakuna. Akaingia mwanamume ana koti zito na viatu vya mpira, akavuta kiti, akakaa, akasugua viganja.

"Mama, letea chai moja na mandazi mbili."

Nilishangaa, lakini mgeni ni mgeni. Nikasema labda huku ndivyo wanavyotembeleana. Nikampa. Akala, akasifu, akaweka sarafu mezani akaenda zake. Na mimi, Zuhura, mtoto wa watu, nikadhani amenitunza! Wallahi. Nikadhani ndiyo desturi yao, bibi harusi akitembelewa mara ya kwanza hutunzwa. Nikazifunga zile sarafu kwenye ncha ya leso, roho imenijaa furaha, nikasema kumbe watu wa Nakuru wakarimu hivi.

Kesho yake akaja na wenzake, makuli wa sokoni, wanne au watano. Kesho kutwa wakazidi. Viti vikawa havitoshi, wengine wakakaa kitandani na viatu vyao vya matope. Wakaniita Mama Mombasa. Mmoja aliniuliza kama kesho kutakuwa na supu, nami nikaanza kufikiria mifupa nitaipata wapi. Sikuwa nimechoka hata kidogo. Nilikuwa nikiamka mapema kukanda unga huku naimba.

Babako aliporudi alikuta chumba chake kimejaa wanaume wanakunywa chai. Akasimama mlangoni na begi mkononi, macho yamemtoka pima. Mmoja wao akampigapiga begani: "Mzee, usisimame hapo. Kaa hapa kwa kitanda, mama atakuletea."

Hapo ndipo babako alipokuwa akikomea, na ukumbi mzima wavunjika mbavu. Hata wewe ulipokuwa mdogo ukimwambia, "Baba, sema tena ile ya 'mama atakuletea.'" Wamkumbuka alivyokuwa akiigiza yule kuli?

Sasa sikiliza. Aliwatoa wote kwa adabu. Alipobaki yeye na mimi akalishusha pazia, akaufunga mlango, akatia komeo. Hakunigombeza, babako hakuwa hivyo. Alisema tu, "Huku si kwetu. Funga mlango." Nikaona haya nisijue pa kuuweka uso. Nimekuwa mchezo wa soko zima na mwenyewe nikijiona malkia. Basi nikaufunga, tena nikaufunga barabara, hata mchana wa jua kali ulikuwa na komeo. Yeye alikuwa safarini kuliko nyumbani. Wale makuli, cheka usicheke, walikuwa ndio watu pekee waliokuwa wakizungumza nami, na sasa nawasikia wapita nje wakienda kunywa chai kwingine.

Upweke wa pale haukuwa wa kukosa watu. Watu walijaa. Ukuta ulikuwa mwembamba, upande huu nasikia mtoto wa watu asomeshwa hesabu, upande ule nasikia mpaka kijiko kikikoroga. Kikikuyu hicho, Kikalenjin hicho, Kiluo hicho, mara Wahindi wapita na redio yao. Nami nimekaa katikati nazungumza na sufuria. Nilikuwa nikiiambia sufuria, "Haya mama, leo tupike nini?" Siku moja nilijisikia mwenyewe nikaogopa.

Kisha mlango ukaanza kugongwa. Jioni, magharibi yaingia, ngo, ngo, ngo. Halafu kimya. Hakuna hodi, hakuna salamu, hakuna jina. Bibi yangu alinilea akiniambia, jioni mlango ukigongwa na husikii sauti usiitike, binadamu hutoa sauti yake, na huyo asiyeitoa humjui ni nini. Nikajitia chini ya blanketi nikasoma Ayatul Kursi mpaka kukatulia. Jioni nyingine, ngo, ngo, ngo. Nami tena blanketi na Ayatul Kursi. Ikaenda hivyo, ikaenda, halafu ikakoma. Nikamshukuru Mungu kwa kuniondolea balaa.

Tulikaa mpaka mvua za mwaka wa pili, babako akarudishwa Mombasa. Siku ya kupakia vyombo akatoka jirani wa ukuta wa pili, yule wa kijiko, Mama Chebet akiitwa. Mwanamke mrefu, mkimya. Muda wote ule tulikuwa tukipishana bombani tukatikisiana vichwa, basi. Akanishikia meza upande mmoja tukaitoa. Tulipoitua akasema, wala hakusema kwa ubaya:

"Mama Mombasa, wewe hukutaka watu."

"Mimi?"

"Nilikugongea. Nikagonga, nikagonga. Nilikuwa nasikia uko ndani. Ukakataa kufungua."

"Alikuwa ni wewe? Mbona hukupiga hodi?"

Akanitazama kama mtu asiyeelewa. "Si niligonga?"

Nikamweleza. Nikamweleza mpaka Ayatul Kursi. Akajishika mdomo akacheka, nami nikacheka, tukashikana pale juu ya meza tukacheka mpaka babako akatoka kutazama kuna nini. Kisha nikamuuliza, jioni zile ulikuwa wataka nini, dada? Akaacha kucheka. Akaniambia alikuwa amezika mtoto, wa pekee, huyo Chebet mwenyewe, mwezi ule ule tuliohamia sisi. Mumewe alikuwa mbali kwenye kazi za watu. Akasikia kuna msichana ameletwa hapo jirani, naye ashinda peke yake, akasema labda tutakaa pamoja jioni ziishe. Alikuwa amesikia chai yangu ni nzuri.

Lori lilikuwa lishawashwa. Nilipata kumshika mkono tu. Sikumwona tena, na jina lake jengine sikulijua hata la kumuulizia. Nilirudi hapa Kisauni, watu wakanipokea kwa vigelegele, jamaa wamejaa ukumbini kunitazama, na mimi nalia. Wakadhani nalia kwa furaha. Mwaka mzima nilikuwa nimejihurumia, masikini mimi, niko peke yangu, na nusu ya hatua kutoka kitandani kwangu kuna mama aliyefiwa akoroga chai yake peke yake. Mimi nilikuwa nangoja sauti. Yeye alikuwa akigonga kama walivyomfunza kwao. Hakuna aliyekosa adabu, mwanangu, na ndiyo maana yaniuma mpaka leo. Angekuwepo mkosa ningemlaumu nikapumzika.

Juzi nilikusikia ukizungumza na huyo keateka, msimamizi wa ghorofa yenu. Ulipokata simu ukawa mwekundu. "Ati aniuliza mimi ni mtu wa wapi! Ati naishi na nani! Ati mnapikanga vitu za harufu? Inamhusu nini?" Nikakupoza, nikakwambia puuza. Sikuthubutu kukwambia kuwa mimi nilimuuliza Mwende hayo hayo na ukoo juu, tena nikamuuliza na Mungu wake amwabudu wapi. Nilijiona namkaribisha. Labda huyo keateka naye alijiona akukaribisha. Labda ni mshenzi tu. Mimi simjui, utamjua wewe.

Sikwambii uache mlango wazi. Nakuru ya leo siijui, ghorofa ya nne sijapata kukaa, na huo mlango wa chuma ulionionyesha kwenye picha wanitia baridi hata kwenye simu. Funga, kila mtu hapo atakuwa amefunga. Utarudi kazini, utasikia televisheni za watu, utasikia vyakula vikikaangwa kwa mafuta usiyoyajua, na hakuna atakayekuita kwa jina, kwa sababu hawalijui. Siku za kwanza utasema wana kiburi. Nao watasema yule wa Mombasa aringa. Hapo ndipo ninapokuhofia, wala si baridi. Huko, mama, watu hugonga. Watagonga na hawatasema kitu. Chungulia kwenye hicho kitundu chenu, ukimwona ni mtu ana uso wa mtu, fungua. Usikae kusubiri sauti. Ukiweza gonga wewe kwanza, najua utaona haya, umerithi haya zangu zote.

Na pazia litundike unapotaka. Ukilitundika mlangoni halafu mtu akaja kukuagiza chai, usiseme sikukwambia.

Haya, turudi huku. Ulipotoka tu kwenda Mkomani nikamwita fundi. Ameushusha mlango wako, ameupiga randa mpaka takataka zikajaa ukumbini, ametia bawaba mpya na kitasa. Nimefagia kila kitu. Ukirudi leo utakiona kitasa, utajua ni cha Mwende, utafurahi. Na kweli ni cha Mwende, ila mwenyewe hajui. Nimempigia, simu imeita mpaka imekata. Nikamwandikia ujumbe, wajua kidole changu kilivyo kizito: "Mwalimu, mlango sasa wafungika. Niwie radhi kwa maneno yale." Mpaka sasa kimya. Labda yuko kwenye kwaya, Jumamosi hii. Labda ashapata kwingine, vyumba Bombolulu si haba. Labda nilimtisha kabisa, na mimi nikitisha natisha.

Fundi alipokwenda niliingia chumbani kwako nikaufunga nijaribu. Nikakaa kitandani pako. Tangu nimeingia nyumba hii sijapata kukaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mtaa wote ulinyamaza ghafla, hata redio ya dukani sikuisikia. Nikauona ule ukuta uliobandika picha zako, umebaki na alama za gundi. Nikaufungua upesi nikatoka.

Sitakuficha, naogopa. Siogopi kuanguka, uwani nimetandika zulia la mpira na simu natembea nayo kifuani kama ulivyonifunza. Naogopa jioni. Mchana una shughuli zake, mtu aje aazime kinu, mtu apite na mboga. Lakini magharibi hapa ni saa ya hodi. Babako hakupata kuingia nyumba hii, nyumba ya mamake mwenyewe, ila asimame barazani kwanza apige hodi. Akakufunza na wewe. Siku moja nilikuuliza, "Wampigia nani hodi na ni kwenu?" Ukanijibu, na ulikuwa mdogo, meno ya mbele yaliyong'oka hata hayajaota tena, "Nakupigia wewe." Tangu afe babako hodi yako ndiyo inayonijulisha kuwa siku imekwisha salama. Bila hiyo siteleki hata chai. Kesho jioni wewe utakuwa unasoma haya, na hapa barazani hakuna wa kuipiga.

Lakini usirudi, wanisikia? Ukipanda gari kurudi kwa ajili yangu nitakufukuza na mwiko toka barazani, majirani waone. Usinipigie simu kunifokea vilevile. Nipigie uniulize nimekula nini, nami nitakwambia kweli. Kesho alfajiri kituoni utaniuliza tena, "Mwende anaingia Ijumaa, sivyo?" Nami nitasema ndiyo, inshallah, huku nakutazama machoni. Nisamehe hiyo kabla sijaisema. Ile inshallah peke yake ndiyo haitakuwa uongo.

Na mimi nimejifunga kwa neno. Akigonga mtu hapa, awe Mwende, awe yule wa spika, apige hodi asipige, nitafungua. Ayatul Kursi nitaisoma nikiwa njiani kwenda mlangoni. Nikikosa mtu wa kugonga, nitakwenda mimi Bombolulu kwenye hiyo chekechea nimtafute mwalimu, nimwonyeshe ufunguo. Hata akishapata kwingine. Nitamwambia Ijumaa aje anywe chai, na mlango aufunge au auache wazi, apendavyo.

Nilitaka kukuandikia na habari za huyo Mama Chebet, kama pengine ungeuliza uliza sokoni, lakini hata sijui ungeanzia wapi. Miaka imekwenda mno. Basi ukikutana na mwanamke mrefu, mkimya, wa makamo yangu

Ngoja. Nasikia viatu vyako barazani.

Umekuja mapema kuliko nilivyodhani. Nakusikia wavua kandambili, wazipanga ukutani kama kawaida yako, na mifuko ya shangazi yako yachakarisha mikononi. Sinia nimelishusha. Pazia liko hapa kando yangu, nalikunja na huku naandika.

"Hodi!"

Huyo ni wewe. Ya mwisho hiyo kabla hujaondoka. Sijaitika. Najua umechoka, na mizigo ni mizito, na wajiuliza mama yuko wapi. Niko hapa hapa, nyuma ya pazia la ukumbi. Nimenyamaza makusudi, ili upige tena.